Wito wa Tatu wa Evaristo

Wifi yangu Dosinda hana adabu, na nayasema haya mbele yake. Abiria akipanda mashuani mwake na nguo ya njano, anamvua kwa mikono yake mwenyewe. Njano ni mkosi, hataki maelezo. Mwingine akipiga mluzi anamwambia, "Ukitaka kupuliza, ungebaki kwako ukapulize supu." Na bado kila kiangazi watu wanarudi, wanazungushwa kwa tanga kutoka bandari ya Muros mpaka kwetu Camariñas, wanatukanwa, wanashukuru. Mimi ndiye mpishi. Nachemsha pweza, nakata mkate, naomba radhi kwa niaba yake.

Mama yake alikuwa mfuma lesi, kama nusu ya wanawake wa Camariñas. Dosinda alishindwa kukaa kitako. Akiwa msichana alijifunza tanga kwa mjomba wake, na alipokuwa mtu mzima akamwoa kaka yangu Evaristo. Ndiyo, yeye ndiye aliyemwoa. Kaka yangu alikuwa mpole mno, kazi yake ilikuwa kukubali tu. Alimwita Dosi. Mtu mwingine akijaribu kumwita hivyo, atajuta.

Sasa, huku kwetu ukiitwa baharini kwenye ukungu, huitiki. Unasubiri uitwe mara ya tatu. Aliyekufa maji ana pumzi ya kuita mara mbili tu, na ukimwitikia umekwenda naye. Ya tatu ni ya mtu aliye hai. Hili tumelishika tangu utotoni, hakuna anayelihoji.

Siku ile Evaristo alikwenda na kiboti kidogo kuopoa mitego ya pweza karibu na rasi ya Vilán. Dosinda alikuwa ametia nanga jirani, mimi nilikuwa nyumbani. Ukungu ukashuka. Akasikia, "Dosi!" Akanyamaza. Akasikia tena, "Dosi!" Akashika usukani kwa mikono miwili, akaisubiri ya tatu. Haikuja. Jioni kiboti kilikutwa kimepinduka, na kaka yangu hakupatikana mpaka leo. Kaburi lake lina jina, halina mtu.

Nilimchukia Dosinda, sifichi. Nilikuwa nikimwona sokoni roho inanichemka: ungeitika tu, mwanamke wewe! Kisha nikajiuliza, na mimi je? Nimelelewa na mama aliyetufundisha mimi na Evaristo kusubiri, nami ningesubiri vilevile. Nikaenda kwake na sufuria, nikamwambia kuanzia leo nakupikia. Hakusema asante. Alisema chumvi imezidi.

Miaka kumi tumesafiri pamoja, na kila ukungu uliposhuka alizima injini akasikiliza. Nilijua anachosikiliza. Alitaka kumwitikia. Hofu yangu ilikuwa hiyohiyo moja, kwamba ipo siku ataitwa, na ataitika, nami nitabaki bila kaka na bila wifi.

Agosti iliyopita tulikuwa chini ya Vilán mchana kweupe, na abiria wawili, Don Fulgencio, mwalimu mstaafu kutoka Valladolid, na mkewe. Ukungu ukatufunika ghafla hata mlingoti hatuuoni. Dosinda akazima injini.

"Mbona tumesimama?" akauliza Don Fulgencio.

"Sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Ungefunga mdomo ungejua."

Maji yalikuwa yakigonga ubavu wa mashua polepole. Kisha kutoka upande wa miamba, karibu kabisa, sauti ikaita, "Dosi!"

Mwiko ulinitoka mkononi. Ilikuwa sauti ya kaka yangu, na ule ukwaruzo wake wa sigara.

"Kuna mtu kule!" Don Fulgencio akaropoka. "Mjibuni basi, mnamwangalia tu?"

Dosinda alikuwa mweupe kama karatasi, lakini anatabasamu. "Ya tatu, wifi," akaniambia. "Mbili za siku ile, na hii. Ya tatu ni ya mtu aliye hai."

"Acha wazimu, Dosinda! Miaka kumi na moja!"

"Siku ile nilisubiri. Leo sisubiri." Akawasha injini, akageuza usukani kuelekea kwenye sauti.

"Kule ni miamba!"

"Unanifundisha wewe, mpika pweza?"

Nikamwona anavuta pumzi ya kuitika. Sijui nilifikaje pale. Nilimziba mdomo kwa kiganja, akaning'ata, na alama ninayo. "Niache!" akalia. "Ni mume wangu!"

"Na ni kaka yangu!" nikamjibu, na kabla hajafumbua tena kinywa nikaitika mimi, kwa nguvu zangu zote: "Abee, kaka! Ni mimi, Sabela! Dosi yuko kazini, haji!"

Ukungu ukapasuka kidogo, na mbele yetu palikuwa na jiwe jeusi linalotokwa na povu, karibu kiasi cha kulitemea mate. Dosinda alikata kona mpaka vyombo vyangu vyote vikamwagika. Mke wa Don Fulgencio alikuwa akisali. Mumewe alikaa chini, kwa mara ya kwanza bila maoni.

Tulipofika bandarini Dosinda alinifunga mkono kwa kitambaa. Alilia sana, nami nikalia. "Umemwitikia," alisema. "Sabela, kwa nini umemwitikia?"

"Wewe ungekwenda."

"Na wewe?"

Nilimwambia asinichoshe, nina vyombo vya kuosha.

Tangu hapo Dosinda amepata usingizi. Amenenepa, anaimba akitweka tanga, na juzi alimruhusu abiria mmoja mtoto abaki na kofia yake ya njano kichwani. Ukungu ukishuka anataka twende zetu tu. Lakini mimi nimeshaitwa mara mbili pale Vilán, kwa jina la utotoni alilonipa Evaristo, ambalo hata Dosinda halijui.

"Wifi, washa, twende," ananisihi, na ananishika mkono.

Namwambia asubiri kidogo. Siku hizi anayezima injini ni mimi.