Kichupa cha Kwapani

Mimi ni mutu wa labo hapa Kasongo, na sipendi kusemeshwa nikiwa kwenye mikroskopi. Lakini tangu bwana yangu aende Salamabila kutafuta dhahabu, akanyamaza kabisa, hata wa kunisemesha nyumbani hakuna. Ndiyo maana yule bibi namukumbuka.

Aliletwa kwa pikipiki kutoka Kabambare, yeye na dereva tu. Mudomo ulikuwa umejaa utando mweupe. Siku ya nne hamezi hata uji. Daktari alitaka kujua ni kuvu gani. Ile ya kawaida, ukiitia katika yale maji yanayobaki juu ya damu ikiisha kuganda, ikapata joto la mwili saa mbili tatu, inabadilika umbo, inaota mikia. Dawa yake tulikuwa nayo. Isipoota ni kuvu ingine, na dawa ni ya kuagiza Kindu. Bibi asingeweza kuingoja.

Umeme haukuwako, basi nilifanya kama tunavyofanya siku zote: nikachota ule utando, nikautia katika kichupa cha maji yale, nikakibana kwapani, nikaketi kando ya kitanda chake. Akanitazama weee. "Mwanangu," akasema kwa shida, "unaatamia yai?"

Nilicheka. Sikuwa nimecheka kwa miezi.

Baada ya saa tatu nikaangalia: duara tupu, hakuna hata mukia mumoja. Daktari akaanza kuandika barua ya Kindu. Nilijikasirikia mpaka machozi. Kwa huruma nilikuwa nimechota kuvu tele, nikidhani tele itaonyesha haraka. Mupumbavu mimi! Mwalimu wetu alitufundisha: zikiwa nyingi pamoja zinatoa kemikali ya kuambiana zibaki duara. Iliyo peke yake haisikii ujumbe huo, ndipo inajinyoosha. Nikamuomba daktari aweke kalamu chini.

Nikarudia, safari hii nikagusa kidogo tu kwa ncha ya kijiti. Bibi akauliza nyumbani namupashia nani joto. Nikasema hakuna. Ilinichoma kuisema. Hakunipa pole, aliweka mukono juu ya goti langu, akauacha pale mpaka saa zikatimia.

Mikia ilikuwa imeota. Dawa alianza siku ileile, na baada ya siku tano akameza uji, akapanda pikipiki, akarudi kwao.

Nami nikaenda nyumbani. Mulangoni ndipo niliona nimetembea njia nzima nimebana mukono wa kushoto, na kwapani hakuna kitu.