Mamba Niliowakana

Betri ya king'ora cha moshi ikikaribia kuisha, king'ora hulia kidogo: pi! Kisha kimya, kisha pi! tena. Chetu hapa Selly Oak, Birmingham, kinalia tangu asubuhi, nami badala ya kupanda kiti nibadilishe betri, nimekaa nakisikiliza. Watoto wa mamba hulia hivyohivyo wakiwa bado ndani ya mayai.

Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Kwetu Uvira, mama alikuwa na bustani ya mboga kando ya mto Ruzizi, na asubuhi moja tulimwona kwa mbali mamba, aliyeitwa na vilio hivyo, akifukua mchanga aliokuwa ameulinda wiki nyingi. Aliyapasua mayai kwa meno, taratibu, akaanza kuwatia watoto kinywani. Nilitaka kupiga kelele. Mama akaniziba mdomo.

"Nyamaza! Si kuwakula, ni kuwabeba. Anawapelekaka ku maji."

Kisa hicho ndicho kilichonipa heshima darasani Birmingham, nikiwa na miaka tisa na Kiingereza cha kuchechemea. Nilimchora yule mamba, chini nikaandika Uvira. Mwalimu aliibandika picha ukutani, akanichagua niieleze mbele ya shule nzima siku ya Ijumaa. Nilivimba kichwa, siwafichi.

Kabla ya Ijumaa ukaja mkutano wa wazazi. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo mkalimani wake nilikuwa mimi. Mwalimu akaisifu picha, akauliza tuliishi Uvira muda gani. Mama alipolisikia jina hilo, uso wake ukabadilika hata kabla sijatafsiri.

"Umwambie hapana. Sisi batu ya Bukavu. Mamba hatujaonaka. Umwambie unatungaka tu."

"Mama, lakini tuliona..."

"Sema vile nimesema."

Nikasema. Kwa mdomo wangu mwenyewe nilimwambia mwalimu kwamba mimi ni mwongo. Ijumaa alisimama mtoto mwingine, akaeleza habari za sungura wake. Nilimchukia mama, tena sana, na kwa miezi sikumtafsiria kitu bila kununa.

Nilikuwa mtu mzima nilipoziona karatasi zetu za ukimbizi. Siku ya kwanza ya kuhojiwa, mkalimani wa serikali alikosea, ikaandikwa tumetoka Bukavu, mji tuliopita tu. Mama aliogopa kwamba neno moja tofauti, hata la mtoto shuleni, lingeturudisha tulikotoka.

Basi alikuwa ananibeba. Naelewa. Lakini bado inaniuma, maana mtoto akiwa mle kinywani hayaoni maji anakopelekwa. Anaona meno.