Klarineti ya Tatu

Mpaka leo nikishika karatasi za noti za bendi, nasoma kuanzia chini. Wenzangu wengi waliofundisha muziki, wakiwa dukani, hufungua ukurasa wa tarumbeta ya kwanza, wakaguna kwa raha, wakalipa, wakaondoka. Mimi naenda moja kwa moja kwa yule wa mwisho anayekaa karibu na mlango, klarineti ya tatu au tromboni ya pili. Nikikuta amepewa noti moja ya kurudiarudia mpaka mwisho wa wimbo, naifunga karatasi na kuirudisha mahali pake. Nimebishana na watu wengi juu ya jambo hili na sijawahi kujuta.

Tabia hii sikuipata chuoni. Niliipata kanisani, Ukambani nilikozaliwa. Nilikuwa alto, sauti ya pili. Mwalimu wa kwaya alituandikia nyimbo ubaoni kwa do-re-mi, na kila Jumapili soprano walipanda na kushuka na kusifiwa, huku mimi nimeshikilia so. So ubeti wa kwanza, so kwenye kiitikio, so mpaka amina. Mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, aliwahi kuniuliza kama kweli huwa naimba au nafungua mdomo tu. Swali lile liliniuma, na mtu mzima mimi, na mvi zangu hizi, bado linaniuma.

Miaka ya sabini ilipokuwa bado michanga nilipata kazi katika shule ya wasichana pale Parklands. Nilipanga chumba Kangemi, ambako jirani zangu walizoea kunisikia nikipiga miluzi ya nyimbo zisizokamilika. Shule ilikuwa imerithi vyombo vya bendi kutoka kwa watu walioondoka baada ya uhuru: tarumbeta nne, klarineti kadhaa, tromboni moja iliyobonyea, na ngoma ambayo panya walikuwa wameionja. Noti zilizobaki kabatini zilikuwa za gwaride tupu. Basi tukapiga gwaride mwaka mzima, mpaka wapishi wa shule wakawa wanasonga ugali kwa hatua.

Klarineti ya tatu nilimpa msichana wa kidato cha pili, mtoto wa familia ya Kiislamu kutoka Mombasa. Baba yake alikuwa karani katika duka la vitambaa mjini. Darasani msichana huyo hakunyamaza hata kwa dawa. Angekuuliza swali, akalijibu mwenyewe, kisha akakukosoa. Lakini kwenye bendi hukumsikia, na kosa halikuwa lake. Karatasi ilimpa "pa, pa", halafu kimya kirefu, halafu "pa, pa" tena. Noti alizozimudu vizuri zilikuwa tano, na gwaride lilikuwa linamtumia mbili.

Siku ya zawadi mwishoni mwa mwaka wazazi walikuja, bendi ikapiga, watu wakashangilia. Watu walipoanza kutawanyika, baba yake alinifuata. Alivaa kanzu nyeupe na kofia, na alikuwa na adabu ya kukufanya uone haya kwa jinsi ulivyosimama.

"Hujambo, mwalimu?"

"Sijambo, mzee. Karibu sana."

"Nimekaa, nimesikiza. Muziki mzuri, mashaallah. Lakini mwanangu sikumsikia. Mashavu yake nimeyaona yamefura, ila sauti yake sikuipata. Hivi huwa apiga?"

Nilihisi kama mama yangu ametoka Ukambani na kusimama mbele yangu.

"Anapiga, mzee," nikamwambia.

"Basi tuelewane, mwalimu. Jumanne na Alhamisi mwanangu hubaki huku, afika nyumbani jua limezama, na njiani yu peke yake. Mamake roho juu. Kama lipo jambo alifanyalo, tutavumilia. Mwakani nitakuja tena nisikize. Nikimsikia, na abaki. Nisipomsikia, utaniwia radhi, kengele ikilia atarudi nyumbani na wenziwe."

Ningemlaumu vipi? Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, kumsikia mtoto wake. Niliporudi Kangemi jioni ile sikupiga mluzi wowote.

Shule iliniruhusu kununua wimbo mmoja mpya kwa mwaka, basi, na nisirudi kuomba tena. Kwa hiyo kuchagua ilikuwa kazi ya Jumamosi nyingi. Nilipanda basi la asubuhi hadi mjini, nikaenda kwenye duka la vyombo vya muziki lililokuwa nyuma ya safu ya maduka ya vitambaa. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi. Mbele alipanga magitaa na vinanda vya kuvuta, nyuma kabisa masanduku ya noti kutoka ng'ambo. Nilikalia sanduku moja na kusoma lingine. Duka lilinukia nta na ubani, na mpaka leo nikinusa ubani popote pale, naona noti.

"Mwalimu, wewe nasoma yote hapa," alikuwa akinung'unika, "sasa nyumbani naenda na nini?"

"Naenda na hamu, mzee."

Alikasirika kwa mdomo tu. Chai yake alinigawia.

Mwaka ule masanduku yalikuwa na kitu kipya: jazi iliyorahisishwa kwa ajili ya bendi za shule. Kwetu jazi lilikuwa neno la kumbi za dansi. Kila bendi ya dansi ilijiita jazi, hata ile yenye magitaa matatu na manyanga tu. Nilipomtajia mwalimu mkuu wetu, alivua miwani. "Jazi? Hapa si baa, mwalimu." Wiki iliyofuata nikamwambia nataka muziki wa kisasa wenye mafunzo, akakubali papo hapo.

Nilibaki na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa na jalada linalong'aa na tarumbeta zinazokimbizana mpaka nywele zinasimama. Niliiimba kwa kuguna pale pale, na mzee wa duka akaacha kupanga nyuzi zake asikilize. Moyo wangu ulishaichukua. Kisha nikashuka chini kabisa, kama kawaida yangu, nikamtafuta klarineti wa tatu. Pa, pa. Kimya. Pa, pa.

Ya pili ilikuwa nyembamba na jalada lake limechakaa. Ulikuwa wimbo wa polepole, wa mtu anayetembea bila haraka. Ukurasa wa katikati ulikuwa na mizani minne tu, yaani vipande vinne vifupi vya wimbo, imefungwa kwa vidoti vya kurudia pande zote mbili. Juu yake palikuwa na mstari mtupu, na maelezo madogo: mpigaji yeyote asimame hapa apige lake, kwa noti hizi tano, bendi irudie mpaka aanze. Nilisoma mara mbili. Noti tano zile klarineti yangu ya tatu alikuwa nazo zote. Nikamwambia mzee anifungie hiyo.

"Hii?" alishangaa. "Ile ingine tamu zaidi!"

"Najua," nikasema, na nusura nilie kwa kuiacha.

Mazoezini kulikuwa na vita. Tarumbeta wa kwanza, binti wa mkubwa mmoja serikalini, mkaazi wa Kilimani, aliona mstari mtupu akaunyoshea kidole. "Mwalimu, hapa ni mimi, si ndio?"

"Hapa si wewe."

Alininunia wiki nzima, na kununa kwake kulikuwa na mpangilio.

Vita ya pili ilikuwa juu ya noti moja. Kati ya zile tano, moja ilishushwa kidogo, na ndiyo iliyoupa wimbo ule huzuni yake tamu. Wasichana wangu wengi walikuwa watoto wa kwaya za kanisa kama mimi. Kila walipoifikia, waliipandisha bila kujua, wakairudisha mahali ambapo nyimbo za kanisani zimeizoea.

"Mwalimu, hii noti si wamekosea kuandika?" mmoja aliniuliza. "Inasound kama mtu mgonjwa."

Nami sikio langu liliwashwa vile vile. Aliyeipiga ilivyo ni klarineti wa tatu. Aliiendea kwa kuteleza kutoka chini, akakaa juu yake, akatuangalia.

"Mbona hizi kwetu tele?" alisema. "Kwenye harusi zetu Mombasa waimbaji wote waenda hivi."

"Hii kitu iko fiti!" akapiga kelele msichana wa ngoma. Tangu siku ile bendi nzima ilijifunza noti ile kutoka kwake.

Lakini kupiga ameketi kati ya wenzake ni kitu kimoja, na kusimama peke yake ni kingine. Kila alipoinuka, pumzi ilimkatika. Yule yule asiyenyamaza! Alijua makubaliano yangu na baba yake, kwa sababu baba mwenyewe alimwambia. "Nikishindwa, Jumanne naenda nyumbani," aliniambia siku moja, akifuta mdomo wa klarineti yake ambao ulikuwa umeshafutwa. Nilimwambia tu aje Alhamisi.

Siku ya zawadi ikafika. Baba yake aliketi safu ya tatu, kandokando, mikono juu ya magoti. Wimbo ulianza vizuri. Tulifika kwenye ile mizani minne, nikamwashiria. Akasimama, akaweka klarineti mdomoni, na hakuna kilichotoka.

Bendi ikarudia. Nikamtazama, akatikisa kichwa. Ikarudia tena. Mwalimu mkuu akaanza kuchungulia karatasi ya ratiba kana kwamba imeandikwa humo kilichoharibika. Kwenye viti watu walianza kunong'ona. Tarumbeta wa kwanza aliniangalia, na tarumbeta yake ikainuka nusu. Angeweza kuokoa wimbo, na alijua hivyo. Nikamkazia macho. Akaishusha polepole, akaendelea na sehemu yake ndogo ya kusindikiza, safari hii kwa sauti ya chini zaidi, na wenzake wakamfuata wakashuka wote. Nilimpenda mtoto yule wakati huo kuliko siku zote alizopiga vizuri. Msichana wa ngoma alitabasamu tu na kuendelea, utadhani ana jioni nzima. Tukarudia. Tukarudia. Niliacha kuhesabu.

Kisha nikaisikia ile noti iliyoshushwa. Ilitoka chini, ikateleza, ikapanda, ikakaa. Baada yake zikaja nyingine, si nyingi, alikuwa na tano tu, lakini alizigeuza huku na huku na kuzibishanisha, akiuliza na kujijibu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia kwenye bendi msichana niliyemjua darasani. Sikumtazama baba yake. Niliogopa.

Alinifuata nje tena, kama mwaka uliopita.

"Mwalimu, pale walipokuwa wakirudiarudia nilidhani wamepotea."

"Hapana, mzee. Karatasi yenyewe imeandikwa hivyo."

"Imeandikwa wamngoje?"

"Ndiyo. Mpaka awe tayari."

Aliitengeneza kofia yake ambayo haikuwa imekaa vibaya. "Watoto wa watu wote wale wakamngoja mwanangu," alisema. "Basi na mimi naweza kumngoja."

Shule ilipofunguliwa, Jumanne ya kwanza ya mazoezi nilichungulia dirishani. Baba yake alikuwa ameketi kwenye jiwe nje ya lango, ametoka dukani moja kwa moja, gazeti limekunjwa mapajani. Alikuja kila Jumanne na kila Alhamisi mpaka binti yake alipomaliza kidato cha nne. Gazeti lile sikumwona akilifungua hata mara moja.