Mnara wa Magamba, Kisegi

Nusu ya majumba ya ghorofa unayoyaona ukiingia Migori mjini nimejenga mimi, na shule niliacha darasa la sita. Nasema hivi ili ujue ni nani aliyeambiwa na baba mdogo, mbele ya waombolezaji, kwamba hajui nyumba ni nini.

Kaka yangu alikuwa amefia Ogwedhi, kwenye chumba cha kupanga, hana mke, hana hata kibanda nyumbani kwetu Kisegi. Kwetu mwanamume hazikwi bila nyumba yake. Kama hakujenga, anajengewa haraka, ndipo kaburi lichimbwe. Hiyo sikatai. Kilichonichoma ni vile baba mdogo alivyoliongea jambo lenyewe, huku akichokonoa meno.

"Mabati kidogo, nguzo nne, imesimama. Tukishazika tunabomoa, mabati yaende kuezeka choo."

Choo! Kaka yangu huyo, tukiwa watoto kule kisiwani Remba, mama akianika dagaa wa omena, alikuwa na nchi nzima aliyoitunga mwenyewe, ng'ambo ambako hakuna boti ingeweza kufika. Majengo ya nchi hiyo yalijulikana ufuo wote. Daraja lililoshikiliwa na pumzi za viboko. Kanisa la chumvi, mbuzi wanalilamba lote kila Krismasi, nalo linaota tena. Na kubwa kuliko yote, Mnara wa Magamba, uliovishwa magamba ya samaki mbuta kutoka chini mpaka juu. Upepo ukivuma uliimba, na mvuvi aliyepotea alirudi kwao kwa kufuata ile sauti. Akina mama walikuwa wakiacha omena kumuuliza mlango wake uko upande gani, naye anajibu bila kufikiri. Aliuchora mchangani kwa mfupa wa samaki, na hapo ndipo nilijua msingi ni nini na paa ni nini. Mwalimu mwingine sina. Baba mdogo huyu huyu ndiye alikuwa akimwita mwongo.

"Yule hakuacha hata kuku," akaniambia. "Unataka tumjengee ikulu? Wewe hujui nyumba ni nini."

"Hakuacha kuku? Mimi hapa ni nini? Lori langu lile pale ni nini?"

"Wuoda, mwanangu, teremsha sauti, maiti yuko ndani."

"Maiti ni ndugu yangu! Yeye hajalalamika!"

Nikaita mafundi wangu kutoka Migori. Yale mabati ya choo niliyakata mwenyewe kwa mkasi, moja moja, kwa umbo la gamba, mpaka viganja vikatoka damu, kontrakta mzima. Mnara ukasimama, mwembamba, mlango wake ukitazama ziwa. Tukamzika kando yake. Wale waliocheka ndio walikuwa wa kwanza kupiga picha kwa simu.

Kisha upepo wa ziwa ukaja. Mnara haukuimba. Ulipiga kelele kama mtu anamwaga masufuria. Nilisimama pale na hasira: miaka yote ile alikuwa Ogwedhi, hapo tu, hakurudi nyumbani hata Krismasi, na kumbe hata sauti alinidanganya.

Baba mdogo akaja ameziba masikio. "Sasa tubomoe?"

"Guseni muone."

Mpaka leo uko. Baba mdogo anasema upepo ukivuma halali. Vizuri. Asilale.