Ngamia Mchanga wa Harusi

Safiyo hakumpenda Mwiti tangu siku aliposhuka kutoka Meru na kisu chake kimefungwa kitambaa, wala hakujisumbua kuficha. Miaka kumi na minane alikuwa amepika nyama ya ngamia katika hoteli ya Abdiwahab, hapa Garissa. Aliichapa kwa mchi, akaisugua chumvi na bizari, kisha akaipaka papai bichi lililopondwa, saa moja tu, na hata ngamia mkongwe akalainika. Sasa analetewa mpishi wa bara, eti wasaidiane. Wasaidiane nini, na mpishi mkuu ni mmoja?

Mwiti naye alikuwa na macho. Alimchungulia mara mbili akipaka papai, akajiona amefuzu.

Alhamisi alasiri Abdiwahab alileta mapaja mawili ya ngamia kwa harusi ya kesho yake, akamkabidhi Mwiti ili ampime. Safiyo alitupa jicho mara moja tu akajua: nyama imepauka, mafuta meupe, mfupa laini. Huyo alikuwa ngamia mchanga, hata mchi hakuuhitaji. Lakini kwa Mwiti ngamia ni ngamia. Aliponda mapapai matatu, akayapaka yote, akafunika beseni, nyama ilale hivyo hadi asubuhi.

"Mama Safiyo, iko sawa?" aliuliza.

"Wewe bika nyama yako," Safiyo akamjibu kwa lafudhi yake ya Kisomali, akaenda zake nyumbani. Alilala usingizi mtamu, maana roho mbaya nayo ina raha yake.

Asubuhi nyama ilipochemka kidogo tu ikamomonyoka, ikawa uji mtupu. Mwiti alibaki ameduwaa na mwiko mkononi.

Abdiwahab hakufoka. Alimgeukia Safiyo, akamsemesha kwa Kisomali, akimwita shangazi kama siku zote.

"Shangazi, uliiona hii jana?"

"Niliiona."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza. Mimi si mwalimu wake."

"Yeye hakujua. Wewe ulijua, ukaniacha niaibike mbele ya watu wa harusi."

Tangu jana Safiyo alikuwa amemfikiria Mwiti na aibu yake, Abdiwahab hakumjia akilini hata kidogo. Moyo ulimuuma, na bado alimchukia yule Mmeru.

"Kesho usije," Abdiwahab akasema. "Ila kabla hujatoka, mwonyeshe Mwiti jinsi ya kumtambua ngamia mchanga."

Safiyo alichukua mtandio wake akatoka bila kumwonyesha kitu.