Mafundo Niliyoyafungua

Kabla ya kufuma nilijaribu gitaa. Nililinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama, likakaa pembeni ya kitanda miezi mitatu, na nilichoambulia ni nusu ya kibao kimoja cha rumba ya zamani. Baada ya gitaa nikanunua daftari la kuchorea. Nilimchora jogoo wa jirani kwa bidii zote, nikaenda kumwonyesha mwenye jogoo, naye akaniuliza kwa upole kama hiyo ni birika.

Nilikuwa na muda mwingi mno. Ofisi yetu ilipohamia Dodoma nilihama nayo, mimi na mafaili yangu, maana mimi ni mtu wa masijala. Mke wangu ni muuguzi Tanga na uhamisho wake haukupatikana, kwa hiyo alibaki na watoto. Nikapanga vyumba viwili Nkuhungu. Nikirudi kutoka kazini saa kumi na moja, mpaka saa kumi na mbili nimeshapika, nimekula, nimeosha sahani moja na sufuria moja, na sina tena la kufanya. Jumamosi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kuna Jumamosi nilipiga pasi mpaka soksi.

Kilichonipeleka kwenye kufuma ni baridi. Sisi watu wa pwani tukisikia Dodoma tunafikiria jua na vumbi tu, hakuna anayetuambia habari za mwezi wa saba. Upepo ule unaingia hata mahali ambapo nguo imebana. Nilikuwa na sweta moja la mtumba, na asubuhi moja nilipovua begi mgongoni uzi wa kiwiko ukanasa kwenye zipu, nikavuta, sweta likaanza kufumuka huku nalitazama. Mwenye nyumba wangu akaniambia nisilitupe. Akanielekeza nyumba ya tatu kutoka pale, yenye geti la bluu, kwa mama anayefuma masweta.

Alichosahau kuniambia, au aliona si habari, ni kwamba mama huyo haoni.

Nilimkuta amekaa kibarazani juu ya kiti cha plastiki, kapu la nyuzi miguuni, sindano mbili ndefu zikienda mikononi mwake bila kupumzika. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kichwani kajifunga kitambaa cheupe. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia, akaniambia mimi ni wa pwani. Nilipouliza amejuaje akasema nimemwamkia kama naimba. Akalichukua sweta, akalipapasa kuanzia kola hadi kiwiko, akasema aliyelifuma alikuwa na haraka. Kisha akaanza kuliziba huku tunaongea.

Nilikaa pale saa nzima. Alinisimulia kwamba alianza kufuma akiwa msichana mdogo, katika shule ya wasioona ya Buigiri, na kwamba sindano zake za kwanza zilikuwa njiti za miavuli. Nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyake. Uzi unaingia, unazunguka, unavutwa, kitanzi kinahama kutoka sindano hii kwenda ile, na palipokuwa na tundu panaota kitambaa. Nikajikuta namwomba anifundishe.

Akasimamisha sindano kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akasema wanaume huja kwake kuagiza, hajapata wa kuja kujifunza. Akauliza kama nina subira. Nikamwambia mimi nimepanga mafaili miaka ishirini na mbili. Akasema hiyo si subira, huo ni mshahara, lakini nije Jumamosi.

Basi nikawa naenda kila Jumamosi asubuhi. Somo la kwanza alinitaka nifumbe macho. Nilidhani ni utani, kumbe alisema kweli: nikitazama nakaza uzi, nikifumba vidole vinalegea. Kwa wiki kadhaa nilitoa vipande vya kitambaa ambavyo vilianza vyembamba na kuishia vipana, kama jani la mgomba. Yeye alivipapasa, akafika mahali akasimama, akasema hapa kitanzi kimekuponyoka, mistari kumi na miwili chini. Nikitazama sioni kitu. Nikihesabu, ni kumi na miwili kweli. Halafu ananiambia nifumue.

Ofisini sikumwambia mtu. Mke wangu naye nilimwambia kwa simu kwamba gitaa linaendelea vizuri.

Nyumbani kwake aliishi na binti wa dada yake, msusi wa nywele, ambaye ndiye aliyekuwa akimnunulia nyuzi sokoni. Mwezi wa nane binti huyo akaitwa msibani Kondoa, akaaga kwamba atakaa wiki mbili. Wakati huohuo mama alikuwa na kazi kubwa: masweta kumi na mawili ya watoto wa shule ya awali ya jirani, rangi ya damu ya mzee, na michirizi ya kijani shingoni na kwenye mikono. Watoto walikuwa wanatetemeka darasani, kwa hiyo mwalimu wao aliyataka upesi.

Jumamosi hiyo nilifika mapema, mama akaniambia nimsubiri, yuko uani anachambua mboga. Nikakaa karibu na kapu. Lilikuwa limevurugika. Madonge yamelala ovyo, nyuzi zimepishana, na baadhi ya madonge yalikuwa na mafundo mwishoni mwa uzi, moja hapa, mawili pale. Miaka ishirini na mbili ya masijala ikaniwasha mikono. Nikayatoa madonge yote, nikayafungua mafundo moja baada ya jingine kwa kucha, nikazikunja nyuzi upya vizuri, nikayarudisha kwenye kapu yakiwa yamekaa kwa mistari. Mama alipokuja nikamwambia nimempangia kapu. Akanishukuru. Nilijisikia mtu wa maana sana siku hiyo.

Ijumaa iliyofuata nilipitia kwake nikitoka kazini, jua bado liko juu. Alikuwa amechangamka. Akaniambia kazi imekwenda haraka kuliko alivyotarajia, amemaliza miili ya masweta matano, mikono na shingo atafuma mwishoni kama kawaida yake. Akanyoosha kidole kwenye meza iliyokuwa mlangoni.

Nikayatazama yale masweta. La kwanza lilikuwa damu ya mzee mpaka kwenye kitovu, kisha likawa kijani. La pili lilianza kijani likamalizikia na bluu ya giza. La tatu lilikuwa bluu tupu. Yalikuwa yamefumwa kwa ulinganifu ambao mimi sitaufikia maisha yangu yote, hakuna kitanzi hata kimoja kilichokosea, na hakuna hata sweta moja ambalo shule ingelipokea.

Mwanzoni sikuelewa. Nikatazama kapu, nikaona mistari yangu mizuri, ndipo nikayakumbuka mafundo. Yale mafundo hayakuwa uchafu. Donge lisilo na fundo lilikuwa damu ya mzee, lenye moja kijani, lenye mawili bluu. Binti aliyafunga kila aliporudi sokoni. Nilipoyafungua yote, ilikuwa kama nimemwambia mama kwamba kapu zima ni rangi moja.

Nikiri kwamba nilisimama pale nikitafuta njia ya kuondoka na yale masweta. Nilifikiri niseme nayapeleka kufuliwa. Nilifikiri pia niende mjini kutafuta fundi mwingine, nilete mengine, asijue kitu. Lakini yeye angeyapapasa, na kwa mstari wa kwanza tu angejua si mkono wake. Ningemdanganya nani?

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka kucha nilizotumia.

Akainama, akachukua donge moja, akautafuta mwisho wake, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Akachukua la pili na la tatu. Alipomaliza akaviweka viganja vyake magotini.

"Mimi huwa naona," akasema. "Wiki hii ndiyo sikuona."

Sijui kama kuna siku nimekaripiwa kwa sauti ndogo namna hiyo. Nikamwomba radhi. Nikaomba tena. Akaniuliza nimeshawahi kufumua masweta matano kwa siku moja. Nikasema bado. Akasema basi kesho nije nimekula.

Ijumaa hiyohiyo nilimpigia simu mwalimu wa shule, nikamweleza kwamba kosa ni langu, nikamwomba siku chache. Alikuwa mtu mwema. Alituongezea mpaka Alhamisi, ila alinikumbusha kwamba asubuhi kuna watoto wanaovaa khanga za mama zao juu ya sare.

Jumamosi nilifumua kutwa. Kufumua sweta zuri ni kazi inayouma, maana linakubali upesi sana. Mama alikuwa ameanza miili mingine kando yangu. Kila donge lililokamilika nililitazama mara mbili juani, nikafunga fundo pale linapostahili, nikamkabidhi, naye akalishika na kusema rangi yake, nami nikasema ndiyo. Mpaka adhuhuri tulikuwa tunafanya hivyo kama watu wanaohesabu darasani. Kufika saa tisa alianza kunisimulia habari za watu wa kwaya yao, nikajua nimesamehewa, au angalau nimewekwa kando nikauke kama nguo iliyofuliwa.

Ila hesabu ya siku ilikataa. Peke yake asingemaliza. Akasema migongo ya masweta ni kitambaa kilichonyooka, haina shingo wala maua, hata mimi naweza. Nikabeba uzi na sindano. Jumapili nilifuma kutwa, na Jumatatu nikaona bila kufuma saa ya chai kazini sitafika popote. Nikachomoa sindano zangu katikati ya masijala, mbele ya watu wote.

Dereva wetu aliweka kikombe chini. Katibu muhtasi, mama wa makamo ambaye kwa kawaida haniongeleshi zaidi ya kuuliza faili liko wapi, akaja akasimama nyuma ya kiti changu akanitazama nikifuma mistari miwili. Kisha akasema nashika uzi kama nashika kamba ya mbuzi, akanichukulia, akanionyesha namna ya kuuzungusha kwenye kidole kidogo. Kumbe alifuma tangu usichana wake Iringa, na hakuwahi kupata wa kuongea naye. Jumanne alikuja na sindano zake mwenyewe akanisaidia mgongo mmoja. Mkuu wetu alipopita akauliza kama sasa masijala inashona. Katibu muhtasi akamjibu kwamba haishoni, inafuma, na mkuu akaendelea na safari yake.

Alhamisi asubuhi tulipeleka masweta kumi na mawili, mimi nimebeba mfuko, mama ameshika mkono wangu juu ya kiwiko. Watoto walivalishwa palepale uwanjani. Kumi na moja yaliingia bila shida. La kumi na mbili, ambalo mgongo wake nilifuma mimi Jumatatu nikiwa na wasiwasi, lilikaza hivi kwamba walimu wawili walilivuta kumwingiza binti mmoja mnene mwenye mashavu, na lilipomwingia akabaki mikono imesimama kando kama mabawa. Mwalimu akamuuliza kama linambana. Yule binti akasema halimbani, linamkumbatia, na akakataa kulivua wabadilishane. Mama aliuliza wanacheka nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta.

Binti wa dada yake aliporudi kutoka Kondoa alihadithiwa yote, na mpaka leo nikikaribia lile kapu ananiambia nikae mbali kidogo.

Mke wangu alikuja likizo mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa nimeenda stendi kuchukua mzigo wake mwingine uliotangulia, na niliporudi nilimkuta amekaa kitandani, uso umetulia kwa namna ninayoifahamu. Magotini mwake kulikuwa na sindano za kufumia, donge la uzi wa waridi, na nusu ya sweta la kike.

Akaniuliza huyu anayefuma humu ndani ni nani.

Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza habari za mama wa geti la bluu, masweta ya shule, katibu muhtasi, na kadiri nilivyoongeza wanawake kwenye maelezo ndivyo nilivyojiona nazama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa sindano, akasogea kunipisha nafasi pale kitandani.

"Fuma nione," akasema.

Nikakaa, nikafumba macho, nikaanza. Nilifuma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikusikia chochote isipokuwa sindano zenyewe na watu wakipita barabarani. Kwenye mstari wa nne nikahisi mkono wake unagusa kitambaa, unakivuta kidogo, unapima upana wake.

Akaniuliza ni la nani. Nikamwambia ni lake, nilitaka limkute tayari lakini mkono wa kushoto umenishinda.

Akasema rangi ya waridi hajawahi kuipenda tangu tuoane, na kwamba nimwachie kabisa nafasi ya kifua, maana amenenepa. Kisha akainuka kwenda kutafuta jiko la kupikia chai, na mimi nikaendelea kufuma.