Msimu Ambao Sikuingia Kati

Siku yangu ya kwanza kazini nilishinda nikikimbiza mpira nisiougusa. Nilikuwa nimetoka Kigoma, daluga begani, nikidhani Johannesburg nzima inanisubiri mimi. Kocha mkuu, mzee mmoja wa mtaa wa Turffontein mwenye sauti ya kukwaruza, hakuniuliza hata jina. Alininyooshea kidole tu: "Wewe mgeni, ingia kati."

Niwaeleze nyie vijana, maana siku hizi mnapasha misuli kwa muziki. Sisi kila asubuhi tulisimama duara tukipigiana pasi za mguso mmoja, na mtu mmoja akawa kati anauwinda mpira. Aliyepoteza pasi ndiye aliyeingia kati, na hakutoka mpaka aunase mwenyewe. Hakusamehewa mtu, awe nahodha, awe na goti bovu. "Nje ya duara mheshimiane mpendavyo," kocha mkuu alikuwa akisema. "Humu ndani, hapana."

Nilijifunza haraka. Baada ya misimu miwili nikapewa jezi namba kumi, kazi ya kiungo mchezeshaji, yule anayeona mwanya kabla haujafunguka na kupenyeza pasi mshambuliaji akiwa hata hajaanza kukimbia. Nilikuwa moto, siwafichi. Nikitoka swala ya Ijumaa kule Mayfair, wenye maduka walinigombania chai. Ndipo nilipomwoa Nomsa, binti wa wapigania uhuru, aliyezaliwa Morogoro wazazi wake wakiwa uhamishoni. Kiswahili chake safi kuliko changu, na ulimi mkali kuliko wangu. Tukapanga nyumba Troyeville. Tulikaa miaka mingi bila mtoto, kisha akaja Lindiwe, mimi nikiwa tayari nimeshazeeka kimpira.

Kocha mkuu alikuwa amestaafu. Aliyeshika nafasi yake ni kijana niliyewahi kucheza naye. Tulipotwaa kombe aliniita pembeni.

"Grootman," akasema, maana ndivyo wanavyomwita mtu mzima wa kuheshimiwa huku, "tundika daluga sasa, wakati bado wanakupigia makofi."

"Msimu mmoja tu."

"Wa nini?"

"Lindiwe ana miaka mitatu. Nataka anione nikicheza akiwa na akili ya kukumbuka."

Akakuna kichwa, akanikubalia. Hakuwa mtu wa roho mbaya.

Msimu ule mwili ulinigeuka. Nikiamka nilishuka kitandani kwa kushika ukuta. Nomsa alikuwa akiniangalia tu, hadi siku moja akasema, "Baba Lindi, magoti yako nayasikia ukipanda ngazi." Nilikasirika. Nikamjibu kwamba pasi hazipigwi kwa magoti, na kwamba tangu msimu uanze sijaingia kati hata mara moja. Kweli ilikuwa hivyo, na nilitembea kifua mbele kwa sababu hiyo.

Asubuhi moja, nyasi za uwanja zikiwa nyeupe kwa barafu, nilipiga pasi ikaenda kombo kabisa. Nikaanza kutembea kuingia kati. Beki wetu wa kushoto alishaingia kabla yangu.

"Kosa langu, malume," akasema. Malume ni mjomba. "Nimechelewa kuifikia."

Nikamtazama, nikawatazama na wengine. Wote walikuwa wameinamia daluga zao. Nikakumbuka asubuhi nyingine, na "kosa langu" nyingine nyingi. Eish, tangu msimu uanze.

Nikamtoa kwa mkono, nikasimama kati. "Chezeni," nikawaambia. Wakacheza. Nilikimbiza mpaka koo likakauka, na mwishowe mmoja wao akanisogezea mpira miguuni, taratibu, kama unavyomwekea mgonjwa kikombe. Kocha alikuwa anaona.

Nyumbani nilimkuta Nomsa jikoni anasonga pap, ugali wa huku.

"Leo nimeingia kati," nikasema.

"Umetokaje?"

"Wamenitoa."

Akazima jiko, akakaa karibu nami, akanishika goti. Nililia, wala sioni haya kusema hivyo. Msimu haukuwa umefika nusu, na jezi ile sikuivaa tena. Lindiwe alikuwa bado mdogo mno.

Baadaye nilifanya kazi ya ulinzi, na hiyo nayo nimestaafu. Vijana huniuliza mchezaji ataijuaje siku yake. Nawaambia wasiogope kuzomewa, maana anayekuzomea bado anakutegemea. Wenzako wakianza kukuhurumia, ondoka. Ni rahisi kusema. Mimi mwenyewe nikikaribia uwanja ule roho huniuma, na huvuka upande wa pili wa barabara.

Juzi Lindiwe alikuja kutusalimu na mchumba wake. Mtu mzima sasa, Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kizulu. Alikuwa akimwonyesha yule kijana picha ya timu iliyopo ukutani, kombe likiwa mbele yetu. Nikamsikia akimwambia kwamba baba yake alikuwa golikipa. Kisha akanigeukia, anatabasamu, akaniuliza kama si kweli.

Nomsa aliacha kumimina chai.

"Kosa langu, mwanangu," nikasema. "Sikukueleza vizuri. Nilikuwa namba kumi."